Sikuosha Miguu, Cucu

Cucu, mke wangu wa kwanza,

Usikasirike nikikuita hivyo. Ni wewe, nyanya yangu, ulianza. Kwa sababu nilipewa jina la mzee wako, Nyaga, uliniita mume wangu tangu nikiwa sijui kufunga vifungo, na ukawa unaniuliza mbele ya wageni kama nimekuletea sukari. Sasa nakuandikia kwa mwandiko wangu wa kidato cha pili, ule mwalimu alisema unafanana na nyayo za kuku aliyekimbia mvua. Utasoma tu. Huko uliko nadhani hamhitaji miwani.

Nimekuota tena. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka kwa migomba, na wewe umeketi kwa kile kigoda nyuma ya jikoni, karai mbele yako, mvuke unapanda polepole hadi uso wako sikuuona vizuri. Ulipigapiga maji kwa kiganja, vile ulikuwa unaniita unioshe miguu nikitoka kwa kahawa. Nikaamka. Blanketi lilikuwa limeanguka chini, na bado miguu yangu ilikuwa na joto.

Habari za nyumbani ni hizi. Ng'ombe wako amekubali nimkamue, lakini mpaka nivae leso yako, kwa hivyo kijana mrembo kuliko wote hapa Manyatta anakamua akiwa amejifunga maua kiunoni. Cheka polepole. Kahawa ilichanua baada ya mvua ya kwanza, nyeupe kila mahali, na upepo ukaleta maua mengine mpaka juu ya kaburi lako. Harufu iliingia ndani ya nyumba ikalala na sisi. Mugendi, yule mtoto mdogo wa shangazi, anakaa kwetu sasa. Amekuwa kivuli changu, na simlaumu.

Lakini nilitaka kukuambia habari ya Alhamisi Kuu.

Unajua vile huchaguliwa watu kumi na wawili wa kuoshwa miguu na Fada. Mwaka huu jumuiya yetu ilikuwa imekuchagua wewe kabla uende. Mama Wawira, mwenyekiti, akasema kiti chako hakiwezi kukaliwa na mtu wa mbali. "Nyaga, utakaa hapo. Na usituaibishe." Nikamwambia hata Fada atashukuru kupata mguu kama huu. Ndani niliogopa. Tangu niache shule nilikuwa nabaki nje ya kanisa, pale kwa bodaboda, nikisema ndani kuna joto. Haikuwa joto. Nilidhani Mungu anapenda wale walimaliza, wale wamenyooka, na mimi nitaingia siku nikiwa mtu. Wewe ulikuwa unapita na rozari yako, unaniuliza, "Mume wangu, utangoja mpaka ukauke?" Nami nakujibu, "Tangulia, mke wangu, nishikie nafasi." Sasa umetangulia kweli.

Na unajua ugonjwa wa watu wetu. Kabla Fada awaoshe, wanajiosha. Wiki ile mawe ya kusugua visigino yaliadimika mtoni. Mzee Njeru alijisugua mpaka akaanza kuchechemea. Mama Wawira alitukagua kama mwalimu wa zamu. "Hiki kisigino, unataka Fada apande viazi hapa?" Nami nikasugua, nikapaka mafuta, nikanunua soksi nyeupe Embu. Nilienda kuungama pia. Fada alinisikiliza mpaka mwisho bila hata kukohoa, akaniambia nimesamehewa. Nilitoka nikidhani labda hakusikia vizuri.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha. Nilitembea kama chifu aliyeteuliwa leo. Wasichana wa kwaya walikuwa mbele yangu, nikawaambia waitazame miguu hii vizuri, kesho itakuwa historia ya parokia. Mmoja akasema bila kugeuka, "Tazama wewe pale unakanyaga."

Nikaingia mtaroni. Miguu yote miwili, mpaka magotini, ule udongo mwekundu unaomeza kiatu na kukataa kukirudisha.

Nilifika misa imeanza. Pale kwa tangi la kanisa kuna mfereji wa bomba, nikavua viatu na soksi, nikaushika. Kidogo tu ningekuwa safi. Ndani waliimba Utukufu na kengele zikalia zote pamoja, na nje mvua ndogo ikashuka, ukungu ukazunguka taa za madirisha, nikawa sijui kama niko macho ama niko kwa ile ndoto. Nikakumbuka siku moja. Nilikuwa mdogo, nimecheza kwa kinamasi ulichonikataza, nikapitia mtoni nikajiosha ili usijue. Nilifikiri utanisifu. Ulitazama miguu yangu, ukatazama karai, maji yalikuwa tayari yana moto. Ukasema, "Leo umeninyima kazi yangu." Hukunigombeza. Ulienda ukamwagia sukuma wiki yale maji, nami nikabaki na miguu safi, baridi.

Nikaachilia mfereji.

Cucu, kanisa zima liliona. Niliacha nyayo nyekundu kutoka mlangoni mpaka kwa kiti chako. Mama Wawira alifunga macho, nadhani alisali rozari nzima kwa pumzi moja. Fada alipokuja na maji alianza na Mzee Njeru, na yale maji yakatoka vile yaliingia. Kisha akafika kwangu, akapiga magoti. Nikanong'ona, "Samahani Fada, ni mtaro." Akasema, "Hapa sasa kuna kazi," akaitisha jagi lingine.

Alipitisha kidole gumba katikati ya vidole vyangu, kimoja baada ya kingine, kama wewe. Maji yakawa mekundu kama shamba letu. Na hapo, sijui niseme vipi. Sikuwa nimefanya kitu. Sikuwa nimemaliza shule, sikuwa nimenyooka. Nilikuwa nimekaa tu. Na Mungu alikuwa ananipenda, Cucu, vile mtu hunyeshewa, huwezi kusema mvua imekosea mtu. Wasichana wa kwaya wanasema nililia. Ilikuwa ubani. Ubani uliniingia macho yote mawili, ukakaa.

Nilipokea Ekaristi. Nje Mama Wawira akaniambia, "Umetuaibisha," halafu akanishika mkono na hakuuachilia mpaka njia panda.

Karai lako nimelitoa nje tena. Jana jioni Mugendi alirudi kutoka shamba akitiririka maji, amejiosha mtoni, ananitazama kama mwizi wa mahindi. Nikamwonyesha mvuke. Nikamwambia, umeninyima kazi yangu. Akafikiria kidogo. Halafu huyo mjinga akatoka mbio mpaka kwa zizi, akakanyaga tope la ng'ombe kwa miguu yote miwili, akarudi akaketi.

Basi pumzika, mke wangu. Naahidi maji yatakuwa moto kila jioni, na mimi mwenyewe sitangoja nikauke tena. Msalimie mzee wako huko. Mwambie jina lake sasa linakaa kiti cha mbele, na matope yake.

Mume wako mdogo,
Nyaga