Kuku Aliyesikia Kinande

Mujukuu wangu Asha,

Natangaza rasmi: kuku wangu mweusi ametotoa! Babu yako mzima, ila goti.

Umeuliza kama nami niliwahi kuitwa mpelelezi, kama wanavyokuita huko Kinshasa kwa kuongea Kiswahili. Sana! Wakati wa vita nililelewa hapa Kasuku na shangazi. Marehemu mama alikuwa mtu wa Butembo, upande walikotoka waasi. Siku moja shangazi akanisikia nyuma ya jikoni nikinong'ona Kinande, lugha ya huko kwa mama.

"Anaongea na waasi! Damu ya mama yake njo hiyo!"

Majirani wakaja mbio. "Mupeleke kwa askari!"

Wakafunua majani niliyokuwa nimeyainamia. Kumbe kuku, ameatamia! Nilimficha hapo, ndiye pekee niliyeongea naye lugha ya mama. Loh, kicheko! Woga ukawatoka wote, na shangazi akanikumbatia kwa mara ya kwanza.

Jioni akampika yule kuku.