Mama wa Mashewa na Jalada la Kesi ya Bima

Mshauri mpendwa, shikamoo, nisaidie maana nimejitia kitanzi mwenyewe. Mimi ni karani wa masjala katika mahakama moja huku kwetu, na kuna mama anaitwa Mwaija, wa Mashewa, mumewe alifariki lori lilipopinduka, watu wa bima wakamwambia aliyepanda juu ya mizigo halipwi, naye akasikia kwamba Elina wa Vugiri aliambiwa maneno hayohayo, akashtaki, akashinda, basi akaja kuomba alisome jalada la Elina ili ajue pa kushika katika kesi yake. Wakala wa bima alishaniambia majalada yale ni siri ya kampuni, nami nikaogopa, nikamwambia mama alete barua ya balozi wa nyumba kumi, nikijua hatarudi, akarudi, tena kwa miguu, maana tangu msiba hapandi lori, nikataka ya mwenyekiti wa kijiji, akaleta, nikataka ya katibu kata, akaleta, wala hajanipandishia sauti hata siku moja. Juzi nikamwambia, "Mama, hata nikikupa, utasomaje?" Akatoa daftari la kisomo cha watu wazima, akanisomea ukurasa mzima, kidole kikifuata mstari, kisha akasema, "Mwanangu, nilianza kisomo wiki ile uliponirudisha mara ya kwanza." Miezi minane, mshauri. Chakula hakinipiti, na kesi yake ni Ijumaa ijayo. Nimpe, au nitafukuzwa kazi?

Semboja, Kilole

Ndugu Semboja,

Pole, ingawa pole kubwa nampa Mwaija. Balozi wa nyumba kumi anahusikaje na jalada la mahakama? Umemzungusha mjane kwa sharti ulilolitunga mwenyewe, halafu unanililia chakula hakipiti. Kisipite. Kesi ya Elina ilisikilizwa milango wazi na hukumu ikasomwa mbele ya watu. Siri gani hiyo iliyosomwa kwa sauti? Wakala analijua jalada hilo vizuri, anachotaka ni mama asilijue. Nawe unalipwa na wananchi, si na yeye.

Nimewaona wasomi waliokata tamaa kwenye barua ya kwanza. Huyu kaleta tatu na kusoma kajifunza juu yake. Heko yake, natamani ningemzaa mimi.

Kesho asubuhi mweleze hakimu yote, na uongo wako pia, umwombe kibali. Kisha nenda Mashewa mwenyewe ukamwite, miguu yake imetosha. Mpe meza karibu na dirisha, na kalamu ya kunakilia.

Wala usimsomee. Kaa kando, umsikilize anavyosoma.

Mama Josefina