Mama Anaomba Sahihi

Bukhayo, 18 Mei 2025

Mama mpendwa,

Natumai kifua kimepoa na kuku wanataga. Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu mchana sijaweza kula.

Leo ilikuwa siku ya wazazi hapa shuleni. Baba mdogo Osukuku alikuja na mkate mmoja na habari moja. Alikaa kwenye nyasi akaniambia mbele ya wenzangu: "Mwambie mama yako avue ile kofia ya chuma. Mwanamke wa miaka arobaini na minne anarukaruka kwenye matuta pale Mundika, juu ya baiskeli ya mtoto, na suruali!" Nilicheka. Akanionyesha picha kwenye simu. Mama, ni wewe. Ulikuwa umeuma ulimi kama unapotunga uzi kwenye sindano.

Si ni wewe uliyeikata baiskeli ya Baba kwa msumeno, wiki moja baada ya mazishi, ukauza vipande kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu? Si ni wewe uliyenichapa fimbo saba kwa kukalia baiskeli ya jirani? Ilikuwa kwenye stendi, Mama! Haikuwa inatembea! Ulisema nyumba hii haitazika mtu mwingine kwa ajili ya magurudumu mawili.

Nimebaki na mzazi mmoja. Ukianguka, nabaki na nani? Osukuku?

Mwanao,
Ajiko


Malaba, 22 Mei 2025

Ajiko mwanangu,

Salamu nyingi. Kifua kimepona. Kuku wawili wameliwa na kicheche, waliobaki wanataga kwa woga. Kula chakula chako, shule haikurudishii karo.

Osukuku amesema kweli, na hiyo ni mara yake ya kwanza mwaka huu. Unajua kila Jumamosi nakwenda Busia kuchukua omena, dagaa wangu wa kuuza, inayotoka Port Victoria. Lori likichelewa, nangoja Mundika, pale watengenezaji wa barabara walipoacha vilima vya murram, ule udongo mwekundu wa barabara. Fundi mmoja wa baiskeli, Emuron, amevichonga vikawa uwanja wa mbio za BMX. Ni baiskeli fupi, breki moja, haina keria wala kengele. Nilitazama miezi miwili. Siku moja akaniambia, "Mama, umetukodolea macho mpaka matuta yanaona haya. Panda ama uhame." Nikamwambia alete hiyo takataka yake.

Nilianguka mara mbili kabla ya tuta la kwanza, kwa sababu nilikalia kiti. Kumbe hakikaliwi. Unasimama juu ya pedali, magoti yamelegea, viwiko nje kama jogoo anayetafuta ugomvi, baiskeli inapanda na kushuka chini yako. Siku ya tatu nilivuka matuta matatu. Nilipiga kelele watu wakadhani nimeibiwa.

Osukuku anasema mwanamke wa Kiteso hapandi baiskeli. Sheria hiyo iliandikwa wapi, na kwa mkono wa nani? Mwanamke akivuka mpaka na gunia la mahindi kichwani, shingo imezama mabegani, wanamwita shujaa. Akisimama juu ya pedali mbili, wanaita kikao cha ukoo! Hawaogopi nitaumia. Wanaogopa nitaondoka haraka kuliko wao.

Sasa neno lenyewe. Mbio za wanaoanza ni tarehe 21 Juni. Fomu inataka mtu mzima wa familia atie sahihi kwamba anajua naweza kuumia. Nilimpelekea Osukuku, akaifanya sahani ya kikombe chake. Wewe ulifikisha kumi na minane Aprili. Fomu imo ndani ya bahasha, usishangae ile duara ya chai.

Mama yako


Bukhayo, 25 Mei 2025

Mama,

Nakusalimu kwa sababu umenilea hivyo.

Sitatia sahihi. Nimeisoma hiyo fomu mara mbili. "Kuumia au kifo." Unataka mimi niandike jina langu chini ya neno hilo?

Nilikuwa na miaka kumi na miwili lori lilipochomoka kwenye foleni likamgonga Baba kwenye baiskeli yake. Uliniambia nisiangalie. Niliangalia. Nimekaa miaka sita bila kukalia baiskeli, si kwa kuliogopa lori, kwa kukuogopa wewe. Na hujawahi hata siku moja kuniuliza kama zile fimbo ziliniuma.

Fomu iko chini ya godoro. Usiniandikie mpaka uache.

Ajiko


Malaba, 8 Juni 2025

Ajiko,

Habari ya huko? Umesema nisiandike. Nimejizuia wiki mbili, hizo ni nyingi kwangu.

Emuron alisema atatia yeye sahihi, ajifanye shemeji yangu. Wengine hufanya hivyo. Nikamwambia aiweke chini kalamu yake. Anayeachwa nyuma nikiumia si Emuron. Bila sahihi yako sipandi, na sitakunung'unikia mezani wala kwa majirani.

La pili. Siku ile nilikukuta juu ya ile baiskeli unacheka. Sikuona wewe. Nilimwona baba yako barabarani. Fimbo zile zilikuwa za woga wangu, nikazimalizia kwenye miguu yako. Nilikosa. Nisamehe.

Nimeandika, sitafuta.

Mama yako


Bukhayo, 12 Juni 2025

Mama yangu,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa umeketi, maana mimi yako iliniketisha.

Nilimwonyesha Nasimiyu, tunayelala naye kitanda cha juu na chini. Akasoma, akageuza karatasi kutazama nyuma, kama vile mwandishi halisi amejificha huko. Akasema, "Huyu ni mama yako mzazi kabisa? Anaomba msamaha kwa maandishi?" Hakuna mtu darasani aliyewahi kuona kitu kama hicho. Mimi nilikwenda bafuni nikafungulia maji ili wasinisikie.

Bado naogopa. Bado nadhani ni wazimu. Lakini ungeweza kudanganya ukapata sahihi ya Emuron, nami nisingejua mpaka simu ipigwe.

Fomu hii hapa. Mwandiko umepinda, unajua kwa nini. Mama anayeuza kantini hapa shuleni anapita Malaba kesho, atakuletea.

Nataka barua Jumapili hiyo hiyo. Ianze na jambo moja tu.

Mwanao,
Ajiko


Malaba, 22 Juni 2025

Niko hai. Sijavunjika.

Sasa salamu, mwanangu. Jana tulikuwa wanawake wanane kwenye lango la kuanzia. Lango likaanguka, saba wakaondoka kama risasi. Mimi nikabaki nimeshika breki. Miaka ishirini ya kuvuka mpaka imenifundisha kizuizi kikifunguka huendi mpaka afisa akupungie mkono! Nikawa namtafuta afisa. Emuron akalia, "Mama, hakuna wa kukuruhusu! Nenda!" Watu walianguka kwa kicheko.

Nikaenda. Kwenye tuta la nne msichana mmoja, Sharlyne, akaruka vibaya akatua kwa bega mbele yangu kabisa. Mazoezini mtu akianguka mimi hugeuza uso. Hapa sikuwa na pa kugeukia. Nikaitupa baiskeli, nikakimbia, nikapiga magoti, nikamshika bega.

Akafungua macho, akatema mchanga. "Mathe, toka! Unaniziba njia!"

Akanisukuma. Akainua baiskeli yake, akaenda.

Ajiko, baba yako alipoanguka nilikimbia hivyo hivyo. Nilipiga magoti hivyo hivyo, nikamshika bega lile lile la kulia. Yeye hakunisukuma.

Nilibaki katikati ya njia, mkono uko hewani, watu wananizomea nipande. Umri wangu huu, sikuwa nimeona kwa macho yangu mtu mwingine akianguka kwa baiskeli kisha akainuka, tena na matusi. Nilitamani anitukane tena.

Nilimaliza wa nane. Sharlyne alikuja baadaye kuomba radhi, ameinamisha kichwa, nikashindwa kumwambia amenipa nini.

Alhamisi mnafunga kwa mapumziko. Emuron ana baiskeli ya kuazima na helmeti ya saizi yako. Sikulazimishi. Ukikataa, tutakaa nyumbani tuchambue omena. Ukikubali, mimi ndiye nitakayetia sahihi, na nakuonya mapema: na mwandiko wangu utapinda.

Mama yako