Sauti Yangu Imefika kwa Mama Ghati Kabla Yangu

Alhamisi, Nyarero. Mvua imeanza mchana na haijakata. Mabati yanapiga kelele hadi simu ikiita siisikii, na leo nashukuru.

Ninaogopa. Naandika hivyo mwanzoni kabisa nisije nikaanza kuzungukazunguka.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni msaidizi wa kisheria. Siyo wakili, msinikuze. Nilipata mafunzo, nikapewa fulana na vijitabu, na kila siku ya gulio naweka meza karibu na wauza mitumba, nawaeleza watu sheria bure kwa Kiswahili cha kawaida. Wasiojua kusoma nawarekodia sauti kwenye simu, Kiswahili kidogo na Kikurya kingi, wakasikilize nyumbani na wenzao. Hilo la kurekodi ni wazo langu. Nimejisifia nalo sana, hata kwenye blogu hii.

Gulio lililopita alikuja mwanaume mmoja kutoka Matongo, Marwa. Mpole, shati limepigwa pasi. Alisubiri zamu yake bila kusukumana na mtu. Akauliza swali moja tu: sheria ya serikali inaitambua nyumba ntobhu?

Wa huku wanaijua. Kwa wengine: mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe wa mahari, anaoa mke, na watoto watakaozaliwa na huyo mke wanakuwa wa nyumba yake. Ni mila yetu, wala hatuifichi. Lakini sheria ya ndoa haiijui. Ndoa kwa sheria ni ya mwanaume na mwanamke, basi.

Nikamjibu hivyo hivyo. Akaniomba nimrekodie, wazee wake wasikie. Nikarekodi, nikataja jina langu kama kawaida, nikamalizia kwa kusema taarifa hii ni bure kwa kila mtu. Sikumuuliza anaitaka ya nini. Ndivyo tulivyofundishwa, taarifa haina mwenyewe, usimpekue mtu.

Leo asubuhi Mama Ghati amenipigia.

Mama Ghati ni mke wa Bibi Wankuru, ambaye tumemzika juzijuzi. Aliletwa kwenye boma la bibi kwa mila hiyo hiyo akiwa msichana. Amelima lile shamba, amezaa na kulea watoto pale, amemuuguza yule bibi mpaka pumzi ya mwisho. Marwa, kumbe, ni mtoto wa shemeji yake Bibi Wankuru. Mimi sikulijua hilo. Yeye alijua vizuri kwamba silijui.

"Marwa na wazee wamekuja na spika," Mama Ghati aliniambia. "Wameiweka juu ya kiti, tukasikiliza wote, na watoto. Ni wewe, mdogo wangu?"

"Ni mimi, dada."

"Ulikuwa unadanganya?"

"Hapana, dada."

Akauliza, "Sasa mimi hapa nimekaa kama nani?"

Nikamwambia nitampigia baadaye. Mimi na vijitabu vyangu.

Wamempa mpaka Jumamosi. Ukoo utakaa kikao, yeye na watoto wawe wamefunga mizigo. Asipofunga, najua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Nyumba anamolala bado ni ya nyasi, kiberiti kimoja tu, na mvua hii haitanyesha siku zote.

Kinachoniumiza ni kwamba nilisema kweli, lakini nusu yake. Ndoa kutotambuliwa hakumfanyi mtu awe mpita njia. Shamba alilolilima na nyumba aliyoijenga kwa jasho lake anaweza kuvidai. Watoto nao wana la kusema. Na hakuna ukoo wenye ruhusa ya kumtoa mtu ndani kwa nguvu, kuna baraza la ardhi la kijiji na kuna mahakama. Haya yote nayajua. Siku ile hayakuulizwa, na nyuma ya Marwa kulikuwa na foleni.

Kwa hiyo mchana nimejifungia chumbani, nikarekodi nusu ya pili, taratibu, kwa Kikurya. Nikamtumia Marwa. Ameisikiliza papo hapo, nimeona.

Akajibu kwa maandishi: "Asante dada. Wazee wamesema ile ya kwanza inatosha."

Hakuna tusi hapo, hakuna kitisho. Nimeusoma ule ujumbe mara nyingi.

Nimeamua kwenda mwenyewe kwenye kikao. Nimempigia mwenyekiti wa kijiji aje, akasema ataangalia kama barabara itaruhusu. Mume wangu hataki nikanyage kule. Anasema wale hawataiona sheria, wataona binti wa Nyarero aliyeingilia mambo ya ukoo wa watu. Sijabishana naye, kwa sababu sina uhakika kama anakosea.

Halafu nikampigia Mama Ghati kumwambia nakuja. Nilidhani atafurahi. Ameniuliza kama Jumamosi nitasema yote, pamoja na ile nusu inayosema yeye si mke wa mtu.

Ningeweza kumwambia hapana. Lakini wakiuliza mbele ya watu, na wataniuliza, nikiificha, hata ile nusu inayomlinda wataiita uongo. Nikamwambia ndiyo, nitasema yote.

Simu ikakatika. Sijui ni yeye au ni mtandao wa mvua. Nimepiga tena, inaita tu.

Marwa na wazee wake nawaogopa, sitajifanya shujaa hapa. Lakini Jumamosi nikifika pale na Mama Ghati mwenyewe akanikataza kuingia kwake, nitakuwa nimekwenda kumtetea nani?