Katumba Haina Wachovu

Katumba, Mpanda
14 Septemba 1997

Mdogo wangu Aline,

Pokea salamu za Mama, za wifi yako Hana na za kwangu. Sisi tunaamka tunalala, na katikati tunalima. Wewe je? Joto la Dar bado linakunyonya? Kwenye picha uliyotuma shingo imekuwa ndefu mno. Mama anasema huko wanakulisha vitabu.

Wageni wako kutoka chuoni walifika, wale wanaochunguza malale. Daktari alikuwemo, injinia alikuwemo, ila wewe mwenye hesabu hukuwemo. Mama alichungulia kila kiti cha gari. Nikamwambia hesabu hazihitaji safari, akasema basi hiyo ni kazi ya kivivu.

Yule injinia, Manyanda, Msukuma mwenye maneno mengi, amenishangaza. Mimi nilijua mainjinia wanajenga madaraja. Yeye kaja na vitambaa vya bluu na vyeusi, kashona mitego ya mbung'o, fundi cherehani mwenye digrii! Anasema mbung'o akiona bluu hajiwezi, anaingia mwenyewe. Ameniachia mitego niitunze kule shamba letu linapopakana na pori. Nimekubali kwa ajili yako tu, maana kazi za bure tunazo za kutosha.

Kuuliza watu maswali walimpa Celestin, yule kijana wa jirani, kwa sababu wazee wengi tuliotoka nao Burundi Kiswahili chao kinaishia sokoni. Alipita nyumba kwa nyumba na makaratasi, akajiona mkuu wa wilaya. Anayejibu ndiyo kwenye dalili anatobolewa kidole na damu inapimwa kwenye darubini palepale. Anayejibu hapana anarudi shambani kwake. Kwetu hakutobolewa mtu.

Mama alikuwa na homa wakati wa kuuza tumbaku, ikapita. Ila siku hizi amebadilika. Anakasirika kwa jambo dogo, na mchana anasinzia kama kuku mgonjwa. Hana anafanya kazi za watu wawili, na jioni mimi ndiye ninayesikiliza lawama. Nimechoka, mdogo wangu. Nakuambia wewe tu.

Ni mimi kaka yako,
Onesphore

Dar es Salaam
5 Oktoba 1997

Kaka Onesphore,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu, na umsalimie wifi. Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Kompyuta ni moja na sisi tuko wengi, kwa hiyo zamu yangu ikifika sitazami kitu kingine, na umeme ukikatika naanza upya. Mama asihofu kuhusu shingo. Ni mpiga picha tu.

Uliwahi kuniuliza hesabu zinahusiana nini na ugonjwa. Ni hivi. Nawagawa watu kwenye mafungu, wazima huku, wagonjwa kule, na mbung'o wana mafungu yao. Halafu naziuliza hesabu: mitego ikiwekwa hapa, dawa ikipelekwa pale, fungu la wagonjwa litapungua wapi haraka? Daktari analeta majibu ya watu, Manyanda analeta ya mitego, mimi nayapika pamoja. Gari ni moja na dawa ni kidogo, ndiyo maana lazima tujue pa kuanzia.

Nyie mmenifurahisha. Kwenye dalili, karibu Katumba nzima imejibu hapana. Nilipochora ramani, Katumba ilibaki nyeupe. Profesa wetu akacheka, akasema, "Katumba haina wachovu!" Nikaona fahari, nisikufiche, kana kwamba nimewaponya mimi. Basi gari na darubini vitaelekea upande wa Mamba, kwa Wapimbwe, ambako waliosema ndiyo ni wengi.

Kuhusu Mama, nadhani ni umri, na kazi aliyoifanya tangu alipofika hapo na jembe moja. Mwacheni alale. Kalala lini huyo mama maishani mwake?

Mdogo wako,
Aline

Katumba
2 Novemba 1997

Aline mdogo wangu,

Nakusalimu nikiwa na matope mpaka magotini. Mvua imeanza na haijui kunyamaza. Vitalu vya tumbaku vinaelea. Hana hajambo, mimi sijambo kwa kujikongoja.

Umesema tumwache Mama alale. Tumemwacha. Juzi alilala na kisu mkononi anamenya mihogo. Kanisani alilala akiwa amesimama. Halafu usiku, sisi tunapolala, yeye ndiyo anaanza kuzunguka uani akiongea na watu wa Burundi waliokufa zamani. Hana akimshika mkono anatukanwa. Ninamwonea huruma na ninamkasirikia, vyote kwa wakati mmoja, na hilo linanichosha kuliko jembe.

Ngoja nikuchekeshe kidogo, maana barua hii imekuwa ya msiba. Celestin alitusimulia jana habari za makaratasi yenu. Anasema kulikuwa na swali moja lililotaka kumng'oa meno. Ilibidi amwulize kila mzee, "Mbega, uri umunebwe?" Wewe mtu wa Dar kama umesahau Kirundi, ni kusema, je, wewe ni mvivu? Mama alimfukuza na mwiko wa ugali mpaka barabarani! "Mimi niliyefyeka pori hili na mtoto mgongoni, ndiye mvivu?" Mzee Révérien alimshika shati akampeleka shambani kumwonyesha matuta yake. Wote walimjibu oya, hapana, na wengine walimjibu kwa matusi. Tulicheka mpaka machozi. Hivi nyie wasomi, swali kama hilo mlilitoa wapi?

Kaka yako,
Onesphore

Dar es Salaam
20 Novemba 1997

Kaka,

Shikamoo, na unisamehe, salamu nyingine nitazimaliza siku nyingine.

Nilikuwa nacheka na barua yako mpaka nilipofika kwenye lile neno. Nikaacha kucheka.

Kwenye karatasi hakuna swali la uvivu. Limeandikwa kwa Kiswahili: "Je, unajisikia mchovu na kusinzia mchana?" Ndiyo dalili kubwa ya malale. Celestin alisoma "mchovu" na "kusinzia" akaelewa mvivu, na ndivyo alivyowauliza. Simlaumu sana. Huko kwetu nani aliwahi kutofautisha? Watu walikabidhiwa pori wakaambiwa walime. Aliyesema amechoka alionekana mvivu, na mvivu alionekana mkimbizi asiyestahili chakula. Mama hajawahi kutamka mbele yangu kwamba amechoka, hata siku moja. Sasa nani angejibu ndiyo?

Kwa hiyo ile Katumba nyeupe haina maana yoyote. Hakuna aliyewauliza.

Sasa nisikilize, Kaka. Homa, kisha hasira, usingizi wa mchana, kukesha usiku, kuongea na wasiokuwepo. Usiseme ni uzee, kama nilivyosema mimi. Mpeleke Mama hospitali Mpanda leo, siyo baada ya palizi. Waambie wampime malale. Akikataa mbebeni. Ugonjwa ukiwa kwenye damu tu, dawa yake ni nyepesi. Ukishaingia kichwani ni habari nyingine.

Nijibu haraka.

Aline

Dar es Salaam
29 Desemba 1997

Kaka Onesphore,

Shikamoo. Natumaini mko hai, sijui niandike nini zaidi ya hapo. Redio inasema mvua hii ni ya El Nino na reli ya kuja kwenu imezolewa. Nimekwenda posta kupiga simu Mpanda, laini imekufa. Barua yangu ya Novemba sijui imelala stesheni gani.

Nimemweleza Profesa lile swali. Alivua miwani, kisha akasema majibu yote ya Katumba yafutwe na watu waulizwe upya, barabara zikipitika. Miezi yangu yote ya kazi imefutwa nayo, na sikusikia uchungu wowote. Namfikiria Mama peke yake.

Nimeomba kibali cha kusafiri. Wanasema wakimbizi wasubiri, maofisa wako likizo.

Kama Mama hajapimwa, nakupigia magoti, mpeleke.

Mdogo wako,
Aline

Hospitali, Mpanda
21 Januari 1998

Mdogo wangu Aline,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, kando ya kitanda cha Mama. Mimi ni mzima. Hana ni mzima, yuko nyumbani na mashamba yanayooza.

Barua zako mbili zimefika siku moja, kwa lori la mizigo. Nimezisoma palepale stoo ya posta, nikakimbia nyumbani. Nilikuwa bado nasema Mama ananitesa kwa makusudi.

Tulimfunga kwa kanga kwenye karia ya baiskeli, Celestin akisukuma nyuma na mimi nikishika usukani. Barabara ni mto. Njia nzima Celestin alikuwa analia, na nimeshindwa kumkasirikia.

Wamempima damu, wadudu wapo. Wakamtoa maji ya mgongo, wapo pia. Daktari anasema wameshaingia kichwani. Mama anafumbua macho, anakunywa uji kijiko, analala nao mdomoni.

Sasa kuna jambo. Dawa ya hatua hii ni sindano kali, inachomwa kwa siku nyingi. Wengi wanaamka nayo. Wengine inawaua yenyewe, na daktari anasema waliodhoofika kama Mama ndio wa kuogopewa. Dawa haijafika, inaletwa kupitia Sumbawanga, kwa hiyo nina siku chache. Wanataka saini ya mtu wa familia. Wajomba wako Burundi, Baba yuko kaburini. Nimebaki mimi.

Aline, mimi ni mtu wa darasa la saba. Wewe ndiye unayejua kupima nani atapona na nani hatapona. Niambie. Achomwe au nimrudishe nyumbani afe akiwa kwenye mkeka wake? Chochote utakachosema nitafanya.

Kaka yako aliyechoka,
Onesphore

Dar es Salaam
4 Februari 1998

Kaka yangu,

Shikamoo. Mshike Mama mkono unapomaliza kusoma mstari huu, umwambie ni wangu.

Barua hii nampa Sista Pelagia, aliyeniletea yako, anayerudi Mpanda kwa njia ya Sumbawanga. Nilimwomba anichukue, lakini kibali bado kiko mezani kwa mtu, na kule Mbeya nimeshawahi kurudishwa kwa kukosa hicho kibali.

Umeniuliza hesabu. Ni nyepesi kuliko zote nilizofanya mwaka huu, na imenichukua usiku kucha kuiandika. Asipochomwa atakufa, hakuna njia nyingine. Akichomwa, wengi wa aina yake wanaamka. Kwa kijiji kizima ningejibu bila kufikiri. Ila hesabu zangu ni za watu wengi, Kaka. Hazijui Mama ni yupi kati ya hao. Mimi pia sijui.

Achomwe.

Na wakubwa wa kijiji wakiuliza, au ukoo ukiuliza baadaye, sema ni Aline aliyesema. Usijibebeshe wewe uliyeko hapo unayemwona. Mimi niko mbali, mgongo wangu una nafasi. Niwekee mimi.

Nitakuja reli ikifunguka, kibali kiwepo kisiwepo.

Mdogo wako akupendaye,
Aline

Katumba
22 Februari 1998

Mdogo wangu Aline,

Kaa chini kabla hujaendelea. Kama kuna mtu chumbani mwako, mwite akae nawe.

Mama hatunaye.

Dawa ilifika mapema kuliko walivyosema. Daktari akaniambia nisisubiri zaidi, kila siku anazama. Nikaifikiria saini yangu jinsi ilivyo mbaya, nikaiandika hivyohivyo.

Mwanzo aliamka, Aline. Nataka ulijue hilo. Alikaa kitandani akala ugali, akauliza kwa nini nimekonda, akagombana na muuguzi kwamba uji hauna chumvi. Alikuulizia wewe. Nikamwambia unakuja. Nilitoka nje nikacheka peke yangu, watu wakanitazama. Halafu baada ya sindano nyingine akaanza kutetemeka mwili mzima, na hakurudi tena. Alifariki alfajiri, nikiwa nimemshika.

Tulimzika hapa nyumbani, upande wa mihogo. Watu walijaa. Celestin alichimba kaburi na hakumwachia mtu sepetu. Manyanda ameleta ujumbe kwamba gari litarudi kiangazi, kuuliza watu upya, na wanataka niwe mkalimani. Nimekubali. Mzee Révérien naye ameanza kusinzia mchana, nimeshampeleka kupimwa, na kwake wadudu bado wako kwenye damu tu. Atapona.

Kuna jambo moja limebaki. Barua yako ilifika kwa mkono wa Sista tukiwa bado matangani. Niliujua mwandiko wako. Sikuifungua.

Nilikaa nayo mpaka watu wakatawanyika. Nikawaza, kama umeandika achomwe, utaamini maisha yako yote kwamba umemuua Mama kwa hesabu zako. Kama umeandika asichomwe, mimi ndiye niliyemuua kwa kutokukusubiri, na hutaweza kunitazama bila kulikumbuka. Mimi ndiye mkubwa wako. Nikaiweka jikoni, motoni chini ya chungu, Hana akiniangalia, mpaka ikaungua yote.

Kwa hiyo ni mimi niliyeamua, hukuwepo na hukuulizwa. Ukija tutaongea mambo yote ya Mama, utakaa siku nyingi na Hana atakupikia. Ila ulichoandika humo usiniambie kamwe, hata siku nitakapokuomba kwa kulia.

Ni mimi kaka yako,
Onesphore