Mtaa Usio na Mpangaji

Jumatatu, 3 Juni 2024
Jenifer, fundi cherehani aliyepanga fremu ya duka mbele ya nyumba yangu, kaleta pango la miezi sita. Nikahesabu. Nikarudia. Pungufu elfu arobaini na nane! Eti hizo ni za serikali — asilimia kumi ya pango, mpangaji wa biashara ndiye anayekata na kuipeleka, mwenye nyumba anapewa cheti. Cheti! Nimefanya kazi ghala la nafaka miaka thelathini na moja, vyeti ninavyo sanduku zima. Nikamwambia fremu ni yangu mimi Isdori, na hapa hakatwi mtu. Akarudi kwenye cherehani yake. Jioni kaleta zilizobaki, hakuniangalia usoni.

Ijumaa, 7 Juni
Watu wa mapato wanapita kata yetu ya Kizwite nyumba kwa nyumba. Selemani, jirani yangu mwenye duka na fremu tatu, kanicheka. Kwani mzee, wewe una mpangaji? Yeye eti hana. Ana mjomba mmoja, shangazi mmoja na mtoto wa kaka. Huyo mtoto wa kaka ni Shija, kinyozi, aliyekuja mwaka juzi na ng'ombe kutoka Shinyanga. Mtaa wote ni hivyo. Ndugu watupu, mpangaji hata wa dawa hakuna.

Jumanne, 11 Juni
Mtu wa mapato kaja. Kijana, Adolfu jina lake, viatu vinang'aa, tableti mkononi. Shikamoo yake ya adabu kabisa. Huyu fundi ni mpangaji wako, mzee? Nikasema binti yangu. Wa kumzaa? Wa kumzaa! Jenifer alikuwa na pini mdomoni, akabaki nazo. Kijana kaandika. Halafu akauliza kama fundi anapunguza suruali.

Jumapili, 30 Juni
Suruali ya nne. Sijui Adolfu ana miguu mingapi.

Jenifer siku hizi ananiita Baba. Mwanzo nilidhani ananikomoa. Anaingia jikoni kwangu kuchota chumvi bila kuomba. Jana kaleta ugali wa ulezi na maharage, akakaa mpaka nikamaliza, akaosha sahani. Wanangu wawili wako Mbeya, simu zao ni Krismasi na Pasaka. Marehemu mke wangu alitamani sana binti, hatukujaliwa. Leo nimeziba dirisha la fremu, upepo wa Juni ulikuwa unampiga mgongoni.

Napenda kuitwa Baba. Basi, nimeandika.

Jumatano, 10 Julai
Barua ya posa!! Wazee wawili wenye makoti, bahasha nyeupe, ndani mna noti mbili za kufungulia barua. Juu imeandikwa: Kwa Baba Mzazi wa Jenifer. Mposaji — Adolfu. Huyo baba mzazi Adolfu kamtoa wapi? Kutoka kwenye tableti yake mwenyewe. Nikawakaribisha, nikawapa chai, nikasema tutajibu. Ningesema nini?

Walipoondoka nikamwita Jenifer. Unampenda? Anampenda. Basi barua iende kijijini kwenu, Kate, kwa baba yako mdogo. Akasema baba yake alifariki yeye yuko kidato cha pili. Huyo baba mdogo akauza shamba na kumwachisha shule. Hata hodi yake haitaki. Kisha akaniambia taratibu:
"Ulinitaja mbele ya serikali bila kuniuliza, Baba. Leo nakuomba mwenyewe unitaje mbele ya wazee, unanirudisha Kate?"

Selemani kasikia, kaja mbio. Eti nipokee haraka, mahari ya ng'ombe haikatwi asilimia kumi. Nimemfukuza.

Jumapili, 21 Julai
Wazee nimewajibu ndiyo. Lakini leo katekista katuambia, kabla ndoa haijatangazwa kanisani, kila mmoja alete cheti cha ubatizo. Cha Jenifer kiko Kate. Jina la baba lililomo si langu, na Adolfu anajua kusoma.

Kuna kubwa zaidi. Nimeulizia kwa mtu anayeijua sheria. Hiyo asilimia kumi isipokatwa, anayeshikwa kwanza ni mpangaji, na faini juu yake. Yaani mimi nimemkataza, yeye ndiye wa kufungiwa fremu. Na mchumba atamwona mwongo kama mimi. Harusi hakuna. Nimejiita mjanja mwezi mzima! Naona aibu, sijui nikae upande gani wa kiti.

Jenifer anasema twende wote tukamwambie Adolfu. Nimekataa. Uongo ni wangu.

Jumatatu, 22 Julai
Ofisi ya mapato, kwenye benchi. Daftari nimekuja nalo, mikono ipate kazi. Elfu arobaini na nane ziko mfuko wa koti, na karatasi niliyoandika jana: fundi alitaka kukata, mimi Isdori nilimkataza, asisumbuliwe yeye.

Nilitaka nipokewe na mtu yeyote. Katoka Adolfu. Mikono yote miwili, kainama mbele ya watu: "Shikamoo Baba!" Benchi zima likageuka. Marahaba, nikasema, marahaba mwanangu. Kauliza nimekuja kumtembelea au nina shida. Nikasema nina jambo la fremu. Kanipa fomu, eti nijaze kidogo, yeye anafuata chai, baba mkwe hawezi kukaa na baridi hii mikono mitupu.

Nimejaza jina. Kata. Namba ya simu. Mstari wa nne: uhusiano wako na anayetumia fremu.

Nimeandika: mpangaji. Nimekata. Nimeandika tena: mpangaji. Neno ni la kweli na mkono hautaki kuliacha hapo. Nafasi imebaki ndogo, pembeni tu. Mama aliye karibu yangu kaniuliza kama sioni vizuri, anisaidie.

Anakuja na vikombe viwili, anatabasamu, anapita kwa uangalifu asimwage. Pembeni nimeongeza: ananiita Baba, na fomu nampa pamoja na karatasi ya jana.