Mafundo ya Sabuni

Shikamoo Baba,

Umelala kaburini upande huu wa Biharamulo msimu mzima sasa, nami ndiyo kwanza napata ujasiri wa kukuandikia. Nina neno la kuungama. Lakini nianze na habari za nyumbani: Mama hajambo, kaka yupo vitani na barua yake ya mwisho ilifika salama, na Sabuni, jike letu, bado ni mweupe kuliko nguo zetu zote, maana sabuni yenyewe dukani hakuna.

Unakumbuka tulivyohamishiwa kijiji cha ujamaa, ng'ombe wote wakatiwa zizi moja, wakinywa kwenye hodhi moja. Dume letu ulimwita Balozi kwa kuwa hakuna nyumba asiyoitembelea. Mwaka ule ng'ombe walipata mafua na homa ya siku chache, wakapona, tukasahau. Wewe hukusahau. Kila jike aliyepandwa ulimtengea kamba ya katani, na kila Jumapili ukitoka kanisani ulifunga fundo moja. Akirudi kumtaka dume, kamba yake unaitundika ukutani na kuanza nyingine. Mimi niliyemaliza darasa la saba niliona ni mchezo wa wazee.

Kamati ya mifugo iliposema Balozi amechoka, hazalishi, ulisimama na kamba zako mkononi. "Ingekuwa dume ndiye mbovu, majike wasingeshika mimba, wangerudi kwenye fundo la tatu," ulisema. "Hawa wanarudi kwenye la nane, la tisa. Mimba zinaingia, halafu zinatoka. Tafuteni kinachozitoa." Watu walicheka. Nilicheka na mimi, Baba, kwa aibu. Kisha nikiwa katibu wa kamati nikaandika kwenye daftari: dume halifai, lihasiwe. Jioni nyumbani ukaniambia tu, "Wewe umesoma, ng'wanone, mwanangu. Siku moja utanisomea hizi kamba." Hukuishi hadi mavuno.

Lilikuja dume jipya, kubwa, la kujivunia. Nilifunga mafundo kwa siri, sijui kwa ubishi au kwa kukukumbuka. Sabuni alirudi vile vile kwenye la nane. Nikalia pale pale zizini.

Nilimpelekea bwana mifugo kamba zote kwenye kikapu. Nilidhani atanicheka. Alizihesabu mara mbili, akauliza juu ya homa ile, akasema anavyoona ni kirusi, kinapita kwenye makamasi na kwenye maji ya pamoja. Jike anapona, ila kitoto kinakufa tumboni kikiwa kidogo mno, hakuna anayekiona kikitoka. Dawa yake hakuna. Ni kutenga wageni na wagonjwa, na kuwapa majike muda. Kisha akaniuliza ni nani aliyefunga mafundo haya. Nikamwambia ni wewe, Baba.

Niliporudi nilimkuta mwenyekiti wa kijiji na uamuzi mpya: majike tisa tasa, Sabuni akiwemo, wapelekwe kuwa kitoweo cha askari. Safari hii nilisimama mimi. Niliwaambia kaka yangu yumo kati ya hao askari, sitawanyima nyama, lakini hawa si tasa, ni wagonjwa wanaopona. Mwenyekiti akasema basi kila nyumba inayotaka jike wake itoe maksai. Sisi tulikuwa na mmoja tu, Balozi, ambaye tangu kuhasiwa alituvutia plau.

Nilimfunga Balozi kamba mwenyewe. Alinifuata hadi kwenye lori bila ubishi, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Nisamehe. Sasa tunalima kwa jembe la mkono, na viganja vyangu vimekuwa kama vyako.

Mbele ya kamati nilifungua daftari nikaandika chini ya maneno yangu ya zamani: katibu alikosea, dume lilikuwa zima. Hakuna aliyecheka.

Nakuahidi, hakuna ng'ombe mgeni atakayekunywa kwenye hodhi yetu kabla ya kukaa peke yake ng'ambo ya bonde, hata akiwa wa mwenyekiti. Wameanza kuninung'unikia. Waninung'unikie.

Kamba mpya ya Sabuni ina mafundo ishirini. Tumbo limeanza kuonekana, ila simwambii mtu. Jumapili nitafunga la ishirini na moja.

Pumzika, Baba. Nimejifunza kuzisoma.

Mwanao, katibu.